Gia kumi za Ford Ranger: kipi ni tabia yake, kipi ni ugonjwa

Ukilitoa Ranger Bi-Turbo kwenye foleni ya Ubungo ukaliachia kwenye lami ya Chalinze kwenda Segera, utadhani umebadilishiwa gari. Kwenye kilomita 90 au 100 kwa saa gia hupanda bila dereva kuhisi kitu, injini iko chini, dizeli inakwenda kwa hesabu. Kwenye foleni giaboksi hiyo hiyo husita, hugonga, hushusha gia mbili kwa mpigo kisha huzipandisha tena kabla hujafika kwenye tuta linalofuata. Wenye magari hukimbilia kwa fundi, na mafundi wengi hukimbilia kumwaga mafuta ya giaboksi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mara chache kimeharibika kitu kikubwa, na hapo mafuta mapya hayasaidii chochote.

Giaboksi hiyo inaitwa 10R80. Ford waliibuni kwa kushirikiana na General Motors, ikaanza kwenye F-150, pikapu kubwa ya Ford ya Marekani, ya mwaka 2017, kisha ikaingia kwenye Ranger Raptor ya 2018 na Ranger nyingine za dizeli ya lita 2.0 yenye turbo mbili, yaani Bi-Turbo. Kwenye Ranger mpya iliyozinduliwa 2022 iko kwenye Bi-Turbo na kwenye V6 ya lita 3.0. Ile ya lita 2.0 yenye turbo moja, kwa magari yanayounganishwa Silverton kule Pretoria, ilizinduliwa na otomatiki ya gia sita. Muulize muuzaji ni ipi kabla ya kulipa, kwa sababu tangazo litasema "otomatiki" tu, na hizi mbili hazifanani kuendesha wala kutunza.

Kwa nini gia kumi

Gia ya kwanza ina uwiano wa 4.696 (injini huzunguka mara 4.696 shafti ya kutokea ikizunguka mara moja), ya kumi 0.636. Kwa hiyo ya kwanza inavuta zaidi ya mara saba ya ya kumi. Hilux ya gia sita inaanzia 3.600 na kuishia 0.580, yaani kama mara sita. Faida ya Ranger iko mwanzoni: ukiwa na tani moja mgongoni au tela nyuma, gari huondoka bila kulazimishwa.

Kasoro za starehe ziko katikati na juu. Kutoka gia ya tatu (2.146) hadi ya sita (1.275) nafasi kati ya gia na gia ni ndogo sana, asilimia 14 hadi 18 tu. Kutoka ya tisa kwenda ya kumi ni ndogo zaidi: injini iliyokuwa kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) 1,500 inashuka hadi kama 1,385. Sasa kumbuka kwamba nguvu kubwa ya mvuto ya Bi-Turbo, Nm 500, inapatikana kati ya RPM 1,750 na 2,000. Ukiwa gia ya kumi kwenye mwendo wa kawaida uko chini ya eneo hilo, kwa hiyo kimlima kidogo tu kinatosha kuifanya kompyuta ishuke ya tisa au ya nane, na kimlima kikiisha inarudi juu. Pale Bagamoyo ambako barabara ni tambarare huoni kitu. Kati ya Mafinga na Makambako utaona mshale wa RPM ukicheza muda wote. Gari halijaharibika. Linafanya kazi yake, ila linaifanya mbele ya macho yako.

Kitu kingine ambacho watu hukiita ubovu ni kuruka gia. Kompyuta hailazimiki kupita kila moja. Ukikanyaga mafuta taratibu inaweza kutoka ya kwanza hadi ya tatu, kisha ya tano. Ukikanyaga ghafla ili kulipita lori inaweza kushuka kutoka ya kumi hadi ya tano moja kwa moja. RPM 1,500 inakuwa karibu 3,600 kwa sekunde moja. Mlio huo huwashtua waliozoea gia nne za zamani. Umebuniwa hivyo.

Matuta na foleni

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na kwa haki. Unakuja na kilomita 50, unafunga breki kwa ajili ya tuta, unashuka hadi 10, kisha unakanyaga mafuta kabla gari halijamaliza kupungua. Wakati huo giaboksi ilikuwa inashuka kutoka ya tano kwenda ya tatu au ya pili. Umeiambia ipande ikiwa katikati ya kushuka. Inasita nusu sekunde, inachagua, inagonga.

Dawa iko mguuni. Maliza breki kabla ya tuta, pita ukiwa umeachia pedali zote au ukiwa umeshika mafuta kidogo bila kubadilisha, halafu kanyaga polepole tairi za nyuma zikishapita. Kwenye foleni usimfuate wa mbele mita mbili mbili. Acha nafasi, kisha songa mara moja kwa mita kumi. Gari likitambaa kati ya kilomita 8 na 15 kwa saa linakaa mpakani mwa gia ya kwanza na ya pili, na huo ndio mruko mkubwa kuliko yote kwenye giaboksi hii: 4.696 kwenda 2.985. Hakuna namna ya kuufanya usisikike kabisa.

Zima pia mfumo unaozima injini gari likisimama. Kitufe chake kina herufi A iliyozungushiwa mshale. Utalazimika kukibonyeza kila unapowasha gari, jambo la kuudhi, lakini sehemu ya mishtuko ya kuondoka kwenye foleni inatoka hapo: injini inawaka, shinikizo la mafuta ya giaboksi linapanda, na wewe tayari umekanyaga.

Kwa milima, tumia vitufe vya + na − kwenye mkono wa gia (kwenye Raptor, vipini vilivyo nyuma ya usukani). Ukiwa kwenye D, kubonyeza − kunaweka kikomo cha gia ya juu. Kompyuta bado inajibadilishia yenyewe lakini haivuki hapo. Kwa barabara ya vilima vifupi vifupi, weka kikomo gia ya nane. Mchezo wa tisa na kumi unaisha, na tofauti ya ulaji wa mafuta ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Kwa kushuka Kitonga au Mai Mahiu ukiwa na mzigo, washa hali ya kuvuta mzigo kama gari lako linayo. Hiyo hushikilia gia za chini na kushusha mapema ukigusa breki, injini inabeba sehemu ya kazi. Usipoiwasha, gari litateremka kwenye gia ya juu na utafika chini breki zikinuka. Hilo ni kosa la dereva, giaboksi haihusiki.

Kujifunza upya

Kuna imani kwamba otomatiki za kisasa hujifunza tabia ya dereva, na kwamba ukimwazima shemeji gari wiki moja linarudi limeharibiwa akili. Kwa kiasi kikubwa si hivyo. Kinachojifunzwa zaidi ni klachi zenyewe. Ndani ya 10R80 mna klachi sita, na kwenye kila gia nne zimefungwa, mbili ziko wazi. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia na nyingine kushika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Kompyuta lazima ijue ni kwa milisekunde ngapi mafuta yatajaza nyuma ya pistoni ya klachi inayoingia hadi bamba zigusane. Ikiwahi, klachi mbili zinashika kwa pamoja na gari linagonga. Ikichelewa, hakuna anayeshika kijiti, na injini inapandisha RPM bila gari kusogea.

Muda huo hutofautiana gari kwa gari, hubadilika klachi zinavyolika, na hubadilika joto la mafuta linavyopanda. Ndiyo maana kilomita za kwanza za asubuhi, hasa Njombe au Limuru kwenye baridi, gia za chini huwa ngumu. Ukiondoka taratibu kwa dakika tano za kwanza hali hiyo hupita. Usitoe uamuzi wowote kuhusu giaboksi ambayo bado ni ya baridi.

Kompyuta ikisasishwa programu, au valvu bodi (kifaa kinachogawa mafuta kwa klachi) ikibadilishwa, kumbukumbu hiyo hufutwa na gari hurudi likigonga kuliko lilivyokwenda. Watu hurudi karakana wakidai wameharibiwa. Kinachotakiwa ni mwendo maalumu wa kulifundisha. Pasha gari moto kabisa kwanza. Ukiwa umesimama na umekanyaga breki, peleka N kwenda D, subiri sekunde tano, rudi N, kisha R, subiri tena; rudia mara tano hivi. Kisha tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari: ondoka kwa mafuta kidogo yasiyobadilika hadi kilomita 80 kwa saa, ukilenga kufika hapo kwa kama sekunde 15 hadi 20, achia, funga breki polepole hadi kusimama kabisa, subiri sekunde tano, anza tena. Mara tano hadi kumi. Kukanyaga kwa nguvu hakufundishi kitu.

Kufuta kumbukumbu kwa makusudi pia kunawezekana, kwa mashine ya karakana au kwa programu ya FORScan kwenye laptopu na kifaa kizuri cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari. Kuchomoa betri usiku kucha, ushauri unaotolewa kila kijiwe, si njia ya uhakika kwenye magari haya. Na usifute kama huna nafasi ya kufanya mwendo ule mara moja. Ukiingia foleni ya saa mbili na kumbukumbu tupu, kompyuta itajifunza kwenye hali mbaya kuliko zote.

Ikibadilishwa valvu bodi, kuna jambo ambalo karakana nyingi za mtaani huliruka: kila valvu bodi ina namba yake ya utambulisho, na taarifa za solenoidi zake (valvu zinazoendeshwa kwa umeme) lazima ziingizwe kwenye kompyuta. Ukifunga ya kutoka kwenye gari lililokatwa bila kuingiza taarifa zake, kompyuta itatumia vipimo vya ile iliyotupwa. Gari litagonga milele hata kama kifaa ni kizima.

Mafuta

Mafuta ya giaboksi hii ni Mercon ULV, na hapa hakuna mjadala. Ni mepesi mno, mepesi kuliko Mercon LV, na mbali kabisa na ile haidroliki nyekundu ya dumu inayouzwa kwa ajili ya usukani na otomatiki za zamani. Ukiweka nzito zaidi, muda wa kujaza klachi unaharibika wote na giaboksi nzima inaanza kuchelewa. Dumu likiandikwa "linafaa otomatiki zote", liache dukani.

Giaboksi ikiwa kavu kabisa huchukua kama lita 12. Ukifungua sampo (beseni la chini) yatatoka kama tano hadi sita, mengine yanabaki kwenye toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi), kwenye kipoza na kwenye mabomba. Kwa hiyo mabadiliko moja hayasafishi kila kitu. Ukitaka mengi yawe mapya, rudia baada ya kilomita elfu chache. Nchini Marekani Ford hutaja maili 150,000, kama kilomita 240,000, kwa matumizi ya kawaida. Vumbi, joto la pwani, mzigo na tela si matumizi ya kawaida. Kwa gari linalofanya kazi, kilomita 80,000 hadi 100,000 ni umri wa kutosha, pamoja na filta.

Kupima kiwango ndipo mafundi wanapokosea. Hakuna kijiti cha kupimia juu kwenye injini. Kipo kifupi, chini ya kizibo kwenye giaboksi yenyewe, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, injini inaunguruma, na mafuta yakiwa ya moto, karibu nyuzi 95 hadi 100 kwa kusoma kwenye mashine. Ukipima yakiwa nyuzi 40 na kujaza hadi alama, yakishapanuka yatakuwa yamezidi; yatachapwa hadi yatoe povu, na povu halibani klachi. Yakipungua, dalili ya kwanza ni kuchelewa kushika ukiweka D au R. Moshi na joto havipo hapo mwanzoni, ni kuchelewa tu. Na joto la nyuzi 90 na kitu kwenye skrini ni la kawaida kwa giaboksi hii. Ikivuka 120, simama, weka P, acha injini iungurume hadi ishuke. Ukinasa kwenye mchanga tumia 4L (tairi zote nne, gia nzito) mapema, kwa sababu kung'ang'ana na 4H (tairi nne, gia nyepesi) ndiko kunakopika toki konveta.

Ugonjwa wenyewe

Kifaa cha kuogopa ni ngoma ya klachi za C, D na F, tatu kati ya zile sita. Ndani yake mna bushi inayoweza kuhama mahali pake. Ikihama, njia za mafuta za klachi hizo hazikai sawa na matundu yake, shinikizo linavuja, na gia zinazotegemea klachi hizo zinaanza kugonga au kuteleza. Ford Marekani walitoa maelekezo ya kiufundi kwa karakana zao kuhusu jambo hili na ngoma ikaboreshwa. Magari ya nusu ya pili ya 2022 na kuendelea yana nafasi nzuri zaidi. Kule kule Marekani wenye F-150 walifungua kesi ya pamoja mwaka 2019 kuhusu kugonga na kusita kwa giaboksi hii, kwa hiyo anayekuambia "zote ziko hivyo" anasema nusu ya ukweli.

Namna ya kutofautisha: tabia hubadilika kufuatana na mguu wako, ugonjwa haubadiliki. Kishindo kinachotokea mara moja moja ukipita tuta vibaya ni tabia. Kishindo kile kile kati ya gia ya tatu na ya tano, kila mara, gari likiwa la moto, hata ukikanyaga kwa upole, na kikarudi ndani ya siku chache baada ya kumbukumbu kufutwa na mwendo wa kufundisha kufanywa vizuri, hicho ni cha kufungulia giaboksi. RPM ikiruka 500 au zaidi katikati ya kubadilisha, pia. Gari likipoteza gia kabisa na kubaki kwenye moja, usiliendeshe hadi nyumbani. Vumbi la bamba za klachi linaingia kwenye valvu bodi na bili inakuwa mbili. Misimbo ya hitilafu ya P0731 hadi P0735 kwenye mashine inasema uwiano wa gia ya kwanza hadi ya tano hausomeki sawa. Anayeona hiyo na kukuuzia solenoidi moja anabahatisha.

Mtetemo ni kitu tofauti. Kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo, gari linatetemeka kana kwamba tairi zina nundu. Gusa breki kidogo mno, isipunguze mwendo. Mtetemo ukikatika papo hapo, ni klachi ya ndani ya toki konveta, kwa sababu mguso ule umeifungua. Anza na mafuta sahihi ya giaboksi kabla ya kununua konveta. Usipokatika, angalia propela shafti na balansi ya tairi.

Nani alinunue

Anayetembea masafa marefu, anayevuta tela (uwezo ni kilo 3,500 lenye breki), anayeishi karibu na karakana yenye mashine ya kweli: Bi-Turbo au V6, na V6 zaidi, kwa sababu Nm 600 zake zinaipunguzia giaboksi sababu za kushuka kila dakika. Gari la mjini la kubeba mifuko ya saruji kutoka Tandika hadi Mbagala: chukua ya turbo moja yenye gia sita, au Hilux. Hilux 2.8 nayo ina tabia yake. Nafasi kati ya gia ya tano na ya sita ni kubwa, RPM 2,000 inakuwa kama 1,690, na kwenye mwinuko mrefu inapanda na kushuka kati ya hizo mbili hadi uchoke. Weka S5 (mkono wa gia kwenye S, kikomo gia ya tano) imalize mchezo. Lakini ina vipande vichache ndani na mafuta yake, Toyota WS, yanapatikana kila mji.

Kwa Ranger lililotumika, mwambie muuzaji akuachie gari baridi, asiliwashe kabla hujafika. Liwashe mwenyewe, weka R kisha D, hesabu: likipita sekunde moja na nusu kushika, uliza maswali. Endesha angalau nusu saa hadi mafuta yafike nyuzi 90, kisha rudia kuondoka kwa upole mara kadhaa ukisikiliza tatu, nne na tano. Mwisho chomeka mashine uangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakisomeka hayajakamilika, kuna mtu amefuta misimbo hivi karibuni, na huenda amefuta na kumbukumbu ya giaboksi kisha akaifundisha upya ili kishindo kifichike kwa siku mbili tatu. Mwambie utarudi wiki ijayo, gari likiwa limetembea.